Tennessee Williams: alikimbia hofu ya moyo, vidonge vikamnasa

Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye wengi tumeona kazi zake bila kulijua jina lake. Kama umewahi kuangalia filamu ya zamani ya 1951, A Streetcar Named Desire, ile ambayo Marlon Brando bado kijana anapiga kelele chini ya ngazi huku fulana imemchanika, basi mtunzi wake ni Tennessee Williams, Mmarekani. Mimi niliitafuta kwa ajili ya Brando tu, si mnamjua yule mzee wa The Godfather? Halafu nikaanza kumsoma mtunzi mwenyewe, nikakuta mambo ambayo sikuyategemea. Jamaa aliishi miaka karibu hamsini akiogopa moyo wake utasimama. Akajitibu kwa vidonge vya usingizi, na vidonge hivyo ndivyo vilivyomfanya teja.

Naandika kwa sababu kifua kubana na moyo kwenda mbio usiku ni mambo ambayo vijana wengi tunayo, ila tunanyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Jina lake halisi ni Thomas Lanier Williams. Alizaliwa tarehe 26 Machi 1911 katika mji wa Columbus, jimbo la Mississippi. Akiwa mdogo aliugua dondakoo, akalala muda mrefu sana, miguu ikakosa nguvu. Alipona, lakini wazo kwamba moyo wake uliharibika tangu utotoni halikumtoka tena. Mwaka 1918 familia ilihamia St. Louis, mji ambao hakuupenda mpaka anaingia kaburini. Baba yake, Cornelius, alikuwa mtu wa viatu, mkali, mlevi, na hakuona faida ya mtoto wa kiume anayeshinda na vitabu.

Hofu yenyewe ilimpiga kwa mara ya kwanza mwaka 1928, akiwa na miaka 17. Alikuwa ziarani Ulaya na babu yake, ambaye alikuwa mchungaji. Akitembea peke yake barabarani Paris, ghafla akili ikaanza kumtisha yenyewe. Jasho likamtoka, akatetemeka, akahisi anaelekea kuwa kichaa. Hali hiyo ilimfuata siku nyingi, ikaja kumwachia wakiwa ndani ya kanisa kubwa la Cologne, Ujerumani.

Mwaka 1932 baba yake alimtoa chuo kikuu na kumtia kazini kwenye kampuni ya viatu aliyokuwa akifanyia kazi yeye mwenyewe. Mchana kijana anahesabu viatu, usiku anaandika hadithi huku anakunywa kahawa kikombe baada ya kikombe. Usingizi hakuna. Mwaka 1935, akiwa na miaka 24, mwili ukagoma. Moyo ulienda mbio, kifua kikabana, akaamini kabisa kwamba ni moyo unamuua. Akaachana na kazi ile, akaenda Memphis kwa babu na bibi yake kupumzika, na kiangazi hicho hicho mchezo wake wa kwanza ukaigizwa hapo Memphis.

Hapa tusimame kidogo. Watu wakisikia neno wasiwasi wanadhani mgonjwa anajifanya. Si kweli jamani! Mtu akishikwa na hofu kali mwili unamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, pumzi zinakuwa fupi fupi, misuli ya katikati ya mbavu inakaza. Maumivu yapo, unayasikia kabisa, hata kama moyo wenyewe ni mzima. Halafu maumivu yanaleta hofu nyingine, na hofu hiyo inaongeza maumivu. Ukiingia kwenye mzunguko huo, kidonge cha kutuliza kinaonekana kama malaika.

Williams alikutana na malaika huyo akiwa ameshakuwa tajiri. Mchezo wa The Glass Menagerie ulimtoa mwaka 1944 na 1945. Mwaka 1947 ikaja Streetcar, ikampa tuzo ya Pulitzer ya 1948, na mwaka 1955 Cat on a Hot Tin Roof ikampa ya pili. Lakini hofu haikujali pesa. Tena dada yake Rose, aliyempenda kuliko mtu yeyote nyumbani kwao, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1943 kwa ajili ya ugonjwa wa akili, akabaki hajiwezi maisha yake yote. Kaka mtu akaishi akiogopa kwamba zamu yake inakuja.

Miaka ya 1950 akawa anameza Seconal na kushushia pombe. Seconal ni dawa ya usingizi ya kundi la barbituriti. Wadau, zielewe dawa hizi. Ubongo una breki zake za asili za kutuliza, na kidonge kinaikanyaga breki hiyo kwa nguvu. Ukimeza kila siku, ubongo unajizoesha, unalegeza breki yake kwa sababu kidonge kinafanya kazi hiyo. Ndiyo maana dozi ya mwezi uliopita haitoshi mwezi huu. Na siku ukiikosa unabaki gari bila breki mlimani! Moyo mbio, kifua kinabana, jasho, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, na wengine wanaanguka degedege. Mitaani kwetu hali hiyo tunaiita arosto.

Ubaya ni kwamba arosto hiyo inafanana sana na ugonjwa uliokupeleka kwenye dawa. Mtu anajisemea moyoni, unaona, bila kidonge mimi ni mgonjwa, kumbe sehemu kubwa ya ugonjwa wa leo inatoka kwenye kidonge cha jana. Basi anaongeza.

Mwaka 1963 mwenzi wake, Frank Merlo, mwanaume aliyekuwa naye tangu 1948 na aliyeyashika maisha yake yote ya nyumbani, alikufa kwa saratani ya mapafu. Hapo Williams akaporomoka. Akaenda kwa Max Jacobson, daktari wa New York aliyekuwa akiwadunga watu maarufu sindano zenye amfetamini, na ambaye mwaka 1975 alikuja kunyang'anywa leseni. Asubuhi sindano ya kumwamsha, usiku Seconal, Doriden na pombe za kumlaza. Alikuwa akianguka anguka hovyo na maneno yanamkwama mdomoni.

Septemba 1969 mdogo wake, Dakin, alimpeleka hospitali ya Barnes kule St. Louis, kwenye kitengo cha wagonjwa wa akili. Vidonge vikakatwa mara moja. Akaanguka degedege, na mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba moyo pia ulimshambulia humo ndani. Alikaa takribani miezi mitatu akatoka hai, lakini Dakin hakusamehewa vizuri tena.

Mimi kwa maoni yangu Dakin alifanya sawa kumpeleka hospitali, kwa sababu kwa mwendo ule kaka yake asingefika mbali. Kilichokuwa hatari ni kukata dawa ghafla. Arosto ya heroini inatesa sana lakini yenyewe mara chache inaua mtu mwenye afya. Arosto ya barbituriti, ya pombe, na ya dawa za kundi la valiamu, inaweza kuua. Watu wengi mpaka leo hawajui tofauti hiyo, na ndugu mwenye nia njema anaweza kumfungia mgonjwa chumbani akidhani anamsaidia.

Baada ya 1969 Williams aliendelea kuandika. Mwaka 1972 alipanda jukwaani mwenyewe kuigiza kwenye mchezo wake, na mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha yake akaeleza habari za vidonge na hospitali. Aliogelea karibu kila siku popote alipokuwa, na kuogelea na kuandika ndivyo vilivyomshikilia. Lakini vidonge havikumwacha. Tarehe 25 Februari 1983 alikutwa amekufa chumbani kwake katika hoteli ya Elysée, New York, akiwa na miaka 71. Kwanza ilitangazwa kwamba alikabwa na kifuniko cha chupa ya dawa. Baadaye mwaka huo huo wachunguzi wakaitaja Seconal kuwa ndiyo iliyomuua. Aliwahi kuomba azikwe baharini, ila Dakin alimzika St. Louis.

Sasa tuje kwetu. Seconal haipatikani kirahisi siku hizi. Nafasi yake ilichukuliwa na kina Librium, iliyotoka mwaka 1960, na valiamu, iliyotoka mwaka 1963. Hizi zina hatari ndogo kidogo kuliko barbituriti, lakini ubongo unazizoea vile vile, na ukichanganya na pombe zinaweza kukuzima pumzi. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hili ziandikwe onyo kali zaidi kuhusu kuzoeleka na hatari ya kuacha ghafla. Daktari Heather Ashton wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2019, aliendesha kliniki ya watu wa namna hii mjini Newcastle kuanzia 1982 mpaka 1994. Njia yake ilikuwa kupunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, kwa kasi ambayo mgonjwa anaimudu.

Kwa hiyo kama wewe au mshkaji wako anameza kila siku, msitupe vidonge chooni leo usiku kwa hasira. Nendeni kwa daktari, mwambieni ukweli wa dozi na muda, awapangie namna ya kushuka. Kama mtu ameshaanza kutetemeka sana, kuona vitu visivyokuwepo au kuanguka degedege, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu kifua, usijipe jibu mwenyewe, kapimwe kwanza. Maumivu yanayokandamiza kwa dakika kadhaa bila kuachia, yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, yanayokuja na jasho baridi, kukosa pumzi au kuzimia, hayo usiyasubirishe. Ukishapimwa ukaambiwa moyo ni mzima, basi wimbi likija kaa chini, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, rudia mpaka mabega yashuke. Wimbi hupanda halafu hushuka. Punguza kahawa, mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu hivyo vyenyewe vinapandisha mapigo. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe dada, mjomba au rafiki, ajue hali yako, maana usiku ukiwa peke yako kila pigo la moyo unalihesabu.

Williams alikuwa na pesa, umaarufu na madaktari wa kila aina, na bado miaka mingi alipigana na kitu hiki kwa siri akiwa na chupa mkononi. Nani kati yetu atakiweza peke yake? Kama umepitia haya ukatoka, tuandikie hapo chini ulifanyaje, bila kutaja jina kama hupendi. Kuna mtu atasoma leo usiku na itamsaidia.

Tuko pamoja.