Mamba wa René Lacoste

Aghalabu tupitapo sokoni, penye marundo ya mitumba, huwaona vijana wakipindua fulana moja baada ya nyingine wakitafuta kitu kimoja tu: mamba mdogo wa kijani aliyedariziwa kifuani. Akipatikana, bei hupanda papo hapo. Tumewahi kuwauliza baadhi yao mamba huyo ni wa nani, wakatujibu kwamba ni wa kampuni. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi, kwani kabla ya kuwa kampuni mamba huyo alikuwa mtu. Madhali wengi wanamvaa bila ya kumjua, tumeona si vibaya leo safu hii ikamweleza.

René Lacoste alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 2 Julai 1904. Baba yake alikuwa mkubwa katika kampuni ya Hispano-Suiza, iliyounda magari na injini za ndege. Hatutaki kuficha kwamba kijana huyu hakutoka katika nyumba ya dhiki. Tenisi wakati ule ilikuwa mchezo wa wenye nafasi, naye aliufahamu akiwa na umri wa miaka 15, alipofuatana na baba yake katika safari ya Uingereza. Hata hivyo, mali ya baba haimpigii mtu mpira. Lacoste hakujaliwa kipaji kikubwa cha mwili, na afya yake haikuwa imara. Alichokuwa nacho ni subira na daftari. Humo aliandika habari za kila mpinzani: wapi ana nguvu, wapi ana udhaifu, akibanwa hufanya nini. Alibuni hata mashine ya kumrushia mipira, akafanya mazoezi pekee yake saa nyingi.

Matunda yalionekana. Alishinda Wimbledon mwaka 1925 na 1928, ubingwa wa Ufaransa mara tatu, na ubingwa wa Marekani mwaka 1926 na 1927. Mwaka huo wa 1927, katika mji wa Philadelphia, yeye na wenzake Cochet, Borotra na Brugnon waliwanyang'anya Wamarekani Kombe la Davis walilokuwa wakilishikilia tangu 1920. Wafaransa walishangilia mno, na uwanja wa Roland Garros ulijengwa mwaka 1928 ili kombe hilo litetewe nyumbani.

Jina la mamba nalo lilitoka Marekani. Nahodha wa timu alimwahidi sanduku la ngozi ya mamba iwapo angeshinda mchezo mmoja mgumu mjini Boston. Alishindwa, na sanduku hakulipata, lakini mwandishi wa gazeti aliisikia habari hiyo akambandika jina. Baadaye rafiki yake Robert George alimchorea mamba, naye akaagiza adariziwe kwenye koti lake.

Sasa tuje kwenye fulana yenyewe. Siku hizo mchezaji wa tenisi aliingia uwanjani amevaa shati jeupe la mikono mirefu, lililofumwa kwa kitambaa kizito, na kola yake imekazwa kwa wanga. Ilikuwa adabu. Jua likichoma, shati huganda mgongoni. Mkono ukiinuliwa, kitambaa huvuta begani. Mikono ya shati hukunjwa na kukunjuka tena katikati ya mchezo. Wote waliona taabu hiyo, na wote waliivumilia kwa sababu waliwakuta waliowatangulia wakiivumilia. Lacoste alimwona rafiki yake Mwingereza, mwungwana wa ukoo mkubwa, akicheza tenisi kwa shati lake la polo, mchezo ule wa farasi. Akaenda kwa fundi wa London akashonewa machache ya namna hiyo. Kabla ya muongo wa 1920 kwisha alikuwa akishindana ndani ya nguo ambayo duka lolote halikuwa nayo.

Kisha maradhi ya kifua yakamwandama. Mwaka 1929 aliutwaa ubingwa wa Ufaransa, akauacha mchezo angali na umri wa miaka 25. Mtu mwingine angeishi kwa kusimulia ushindi wake. Yeye aliichukua taabu ile ya shati akaifanya kazi.

Mwaka 1933 alishirikiana na André Gillier, mwenye kiwanda kikubwa cha nguo za kufuma katika mji wa Troyes. Pamba yao haikufumwa kwa nyuzi za kukatizana kama ya shati, bali kwa vitanzi vyenye vijitundu mfano wa sega la nyuki, hivyo hewa hupita na kitambaa hunyumbuka. Mkono ukawa mfupi, kola ikawa laini, vifungo vikawa vichache, na nyuma ikawa ndefu kuliko mbele ili isichomoke mchezaji anapoinama. Fulana hiyo iliitwa L.12.12: herufi ni ya jina lake, 1 ni kitambaa, 2 ni mkono mfupi, na 12 ni nambari ya jaribio lililokubaliwa. Yaani mengine yaliwekwa kando. Sisi tuliosomeshwa chuoni kwa kuandika ubao, kuufuta na kuuandika tena, nambari hiyo tunaiheshimu kuliko mamba.

Tungependa pia Gillier na wafumaji wa Troyes wakumbukwe. Bingwa alijua anachokitaka, lakini vitanzi vile vilitoka kwenye mikono na mashine za watu ambao majina yao hayakudariziwa popote. Nasi wa nchi ya pamba tunalo la kujiuliza hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba yetu bado huondoka ikiwa imechambuliwa tu, kisha huturudia sokoni ikiwa mtumba wenye mamba.

Juu ya mamba huyo, kauli yetu ni ya kusitasita. Kabla yake alama ya mtengenezaji aghalabu ilijificha ndani ya nguo, na fulana hii ni miongoni mwa za mwanzo kuuzwa alama ikiwa nje. Nguo iliyobuniwa kumpunguzia mtu jasho ikageuka kuwa ya kumwongezea cheo. Hatudhani Lacoste aliyakusudia yote hayo, ingawa hakuyakataa.

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha kazi. Mwaka 1951 fulana ilitoka kwa rangi, baada ya miaka mingi ya weupe mtupu, na mwaka uliofuata ikaanza kupelekwa Marekani. Mwaka 1963 mwanawe Bernard alishika uongozi. Mzee hakutulia: alisajili uvumbuzi wa raketi ya chuma, wakati dunia nzima ikichezea ya mbao, na Mmarekani Jimmy Connors alikuja kushinda nayo mataji makubwa.

René Lacoste alifariki tarehe 12 Oktoba 1996 huko Saint-Jean-de-Luz, akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka 2012 jamaa zake waligombana juu ya uongozi wa kampuni, na kabla mwaka haujaisha hisa zao zilikuwa zimeuzwa kwa Maus Frères ya Uswisi.