MTU ALIYEHESABU VUMBI

Sisi wa Arua na Koboko twalijua sana vumbi. Kiangazi, lori likipita, mashati meupe huwa mekundu. Na nyasi zikichomwa, moshi huificha milima ya Wati na Liru. Lakini nani kati yetu amepata kulihesabu vumbi hilo? Aliyeweza kazi hiyo aliitwa John Aitken.

Bwana huyu alizaliwa Falkirk, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1839. Alisoma uhandisi huko Glasgow, akajifunza kazi ya mitambo ya meli. Kabla hajafika mbali afya yake iliharibika, ikambidi aiache kazi hiyo. Mwingine angalikata tamaa. Yeye alifanya karakana nyumbani kwake, akawa akiunda vyombo kwa mikono yake na kuchunguza mambo ambayo watu huyaona kila siku bila kuuliza: umande, ukungu na vumbi.

Alichukua vyombo viwili vya kioo. Kimoja alikitia hewa ya kawaida, na kingine hewa iliyochujwa kwa pamba. Kisha akaingiza mvuke katika vyote viwili. Chenye hewa ya kawaida kilijaa ukungu mweupe, bali kile cha pili kilibaki safi. Hivyo alijua ya kwamba kila tone la ukungu hushika chembe moja ya vumbi, hata iwe ndogo isiyoonekana kwa macho.

Basi akafikiri: nikihesabu matone, nimehesabu chembe. Mwaka 1888 alionyesha chombo chake. Hewa kidogo iliyo na unyevu ilipoozwa ghafla kwa pampu, matone yakaanguka juu ya kibao chenye miraba midogo, naye akayahesabu kwa lenzi. Katika sentimita moja ya ujazo alipata chembe 32,000 baada ya mvua, na 130,000 siku ya ukavu. Karibu na dari ya chumba kilichowashwa gesi zilizidi 5,000,000! Baadaye hesabu hiyo ilifanywa hata juu ya mlima Ben Nevis.

Aitken alifariki mwaka 1919, lakini kazi yake haikufa. Katika Ncha ya Kusini ya dunia, penye barafu tupu, chembe za hewani zimehesabiwa tangu 1974 kwa njia iliyotokana na yake. Vyombo vimewekwa upande unakotoka upepo, ili moshi wa kituo chenyewe usiiharibu hesabu. Wapimaji wakijua hewa safi ilivyo, waweza kujua iliyochafuka imechafuka kiasi gani.

Nasi tujifunze. Vumbi jekundu la barabarani twaliona na kulikimbia. Moshi wa jikoni na wa koroboi tunayosomea usiku una chembe nyingi zaidi, nazo huingia hadi ndani ya mapafu. Tufungue madirisha. Na mwenye ugonjwa au shida asiseme kwamba hawezi kitu. Mgonjwa wa Falkirk alihesabu kile ambacho wazima hawakukiona.