Colin Chapman: Mhandisi aliyepigania tairi lisiachane na barabara

KWA wapenzi wa magari ya kasi, jina la Colin Chapman halihitaji utangulizi. Mwingereza huyo, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, aliaga dunia mwaka wa 1982. Hata hivyo, swali alilolishughulikia maisha yake yote lingali linawasumbua madereva: je, ni kwa njia gani tairi litaendelea kushika barabara wakati gari linakwenda kwa kasi?

Uzito wa swali hilo humdhihirikia dereva anayelivisha gari lake matairi mapana yenye ubavu mfupi, akalitia springi ngumu, kisha akaingia katika barabara iliyochimbwa mifereji na magurudumu ya malori. Usukani huanza kuvutwa kushoto na kulia, na gari hufuata mifereji hiyo mithili ya garimoshi juu ya reli.

Hali hiyo ina sababu zake. Tairi pana hukanyaga ukingo wa mfereji kwa upande mmoja kabla ya ule mwingine. Ubavu mfupi haunyumbuki vya kutosha kuimeza tofauti hiyo, nazo springi ngumu hulinyima gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka. Nguvu yote huishia mikononi mwa dereva. Mambo huwa mabaya zaidi ikiwa magurudumu hayakulinganishwa vyema, yaani yameinamia ndani kupita kiasi kwa upande wa juu, au yale ya mbele yanatazama nje.

Chapman aliyafahamu mambo haya mapema. Alizaliwa Mei 19, 1928 katika eneo la Richmond, Uingereza, na kukulia Hornsey, kaskazini mwa London, ambako babake aliendesha hoteli. Alisomea uhandisi wa miundo katika chuo cha University College London, na alipokuwa mwanafunzi akajifunza pia urubani.

Taaluma hizo mbili ndizo zilizomjenga. Mhandisi wa miundo hujiuliza kila nondo inabeba mzigo gani, naye mwundaji wa ndege hukiondoa kila kipande kisicho na kazi. Chapman aliyahamishia mawazo hayo kwenye magari. Mnamo 1948 aliunda gari lake la kwanza kutokana na Austin 7 kuukuu. Mwaka wa 1952 akaanzisha kampuni yake kwa mkopo wa pauni 25 aliopewa na mchumba wake, Hazel Williams, ambaye alimwoa mwaka wa 1954.

Enzi hizo waundaji wengi wa magari ya mbio waliamini kwamba gari la kasi sharti liwe na springi ngumu. Chapman alikwenda kinyume nao. Aliifanya fremu kuwa imara isiyopindika, akatumia springi laini, na kuzidhibiti kwa shokomzoba madhubuti. Kwake, kazi ya springi ilikuwa kuliwezesha tairi kufuata kila bonde na kila mwinuko, likiwa wima na bila kupoteza mguso. Gari jepesi nalo huyatwika matairi mzigo mdogo wakati wa kupiga kona na kufunga breki.

Katika gari la mbio la Lotus 12 la 1957, aliunganisha springi na shokomzoba katika mhimili mmoja mrefu kwenye gurudumu la nyuma, na kuufanya mtaimbo unaozungusha gurudumu ulishikilie pia mahali pake. Kifaa kimoja kilifanya kazi mbili. Ubunifu huo ungali unaitwa kwa jina lake.

Matunda ya falsafa hiyo yalionekana kwa wateja wa kawaida mwaka wa 1962 alipozindua Lotus Elan. Gari hilo lilikuwa na uzito usiofika kilo 700 na lilitembelea matairi membamba ya inchi 13. Hata hivyo lilisifika kwa kushika kona kwa uhodari na kwa usukani wake mwepesi, huku abiria wakisafiri bila kurushwarushwa.

Mwaka huo huo aliingiza Lotus 25 katika mashindano ya langalanga. Badala ya fremu ya mabomba, gari hilo lilikuwa na mwili wa alumini uliobeba mzigo wote wenyewe. Dereva Mskoti Jim Clark alilitumia kutwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1963, kisha akatawazwa tena mwaka wa 1965 kwa gari jingine la Lotus.

Lakini wepesi huo ulikuwa na gharama. Mnamo Aprili 7, 1968 Clark aliuawa katika uwanja wa Hockenheim, Ujerumani, gari lake lilipoacha njia na kugonga miti. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba tairi la nyuma lilikuwa likipoteza upepo. Mwaka uliofuata, mabawa marefu ya magari ya Lotus yalivunjika jijini Barcelona, Graham Hill na Jochen Rindt wakapata ajali. Septemba 5, 1970 Rindt alifariki Monza, Italia, baada ya mtaimbo wa breki kukatika. Alitangazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Vifo hivyo vilimwandama Chapman. Wakosoaji walimlaumu kwa kupunguza unene wa vyuma hadi kiwango cha hatari, nao watetezi wake walisema mbio za enzi hizo ziliua madereva wa kila timu. Yote mawili yana ukweli. Anayeunda kila kipande kitoshe kazi yake tu hana akiba siku mambo yanapokwenda kombo.

Mwaka wa 1977 Chapman na wahandisi wake walileta mapinduzi mengine. Walizipa mbavu za Lotus 78 umbo la bawa lililopinduliwa, hivi kwamba hewa iliyopita chini ililivuta gari ardhini na kuyakandamiza matairi. Mario Andretti alitwaa ubingwa mwaka wa 1978, ingawa ushindi huo ulitiwa doa na kifo cha mwenzake, Ronnie Peterson, kufuatia ajali ya Monza.

Hapo ndipo Chapman alipojikuta akipambana na kanuni yake mwenyewe. Mvuto huo ulihitaji kimo cha gari kisibadilike, na kwa hiyo springi zilifanywa ngumu mno. Gari la Lotus 80 la 1979 lilirukaruka likiwa kasini hadi likaachwa baada ya mashindano machache. Mwaka wa 1981 aliunda Lotus 88 lenye miili miwili, mmoja ukipokea nguvu za hewa na mwingine ukimbeba dereva kwa springi laini. Lilipigwa marufuku.

Hakukata tamaa. Wahandisi wake waligeukia mitambo ya shinikizo la mafuta inayoongozwa na kompyuta, yenye uwezo wa kurekebisha kimo cha kila gurudumu gari likiwa mbioni. Mfumo huo ulikuwa ungali kwenye majaribio Chapman alipofariki kwa mshtuko wa moyo Desemba 16, 1982, akiwa na umri wa miaka 54. Mwaka wa 1987 Ayrton Senna aliutumia kushinda mbio za Monaco akiendesha Lotus.

Kifo kilimkuta pia kashfa ikinukia. Mamilioni ya pauni yaliyonuiwa kugharimia uundaji wa gari la DeLorean, mradi uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza, yalikuwa yametoweka. Fred Bushell, aliyesimamia fedha za Lotus, alifungwa jela mwaka wa 1992, na jaji akabainisha kwamba Chapman naye angefungwa lau angekuwa hai.

Katika uhai wake, timu yake ilitwaa mataji sita ya madereva na saba ya waundaji. Kwa dereva wa kawaida, faida iko karibu zaidi. Usukani ukianza kuvutwa na mifereji ya barabara, na akague kwanza upepo wa matairi na jinsi yanavyolika, alinganishe magurudumu, abadilishe mipira ya viungo iliyochakaa, na ajiulize kama gari lake lilihitaji upana ule. Chapman alipata sifa kwa matairi membamba yaliyoachiwa nafasi ya kufanya kazi yake.