Marehemu Shaaban Robert: Karani Aliyetuachia Shule

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya mtu mmoja mashuhuri, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ambaye maisha yake yanaweza kutufaa sisi tuliopita katika shule hii pamoja na vijana waliomo sasa. Sikuhangaika kutafuta. Kwa miaka mingi ya kufundisha Kiswahili nimekaa na vitabu vya Marehemu Sheikh Shaaban Robert kama mtu anavyokaa na jirani yake, na ninaona kwamba jina lake linajulikana kuliko maisha yake. Vijana wanaweza kukutajia wahusika wa Kusadikika mmoja baada ya mwingine, lakini ukiwauliza mwandishi alikuwa akifanya kazi gani, wananyamaza. Nami nashikilia kwamba asiyejua mtu huyu alikuwa akila mkate wa nani hawezi kukijua vizuri kitabu chake.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, wakati nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha nchi ikaingia mikononi mwa Waingereza, na kijana huyu akasoma Dar es Salaam toka mwaka 1922 hadi 1926. Katika wanafunzi 11 waliofaulu na kupata cheti, yeye alikuwa wa pili. Hapo ndipo masomo yake ya darasani yalipokoma. Hakupata kwenda chuo kikuu chochote, na hakuwa na shahada wala stashahada. Elimu kubwa aliyoionyesha baadaye aliichuma mwenyewe, nje ya saa za kazi, kwa kusoma Kiingereza alichojifunza shuleni na kwa kusikiliza Kiswahili cha watu wa pwani waliomlea.

Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha, akaanzia Pangani. Alikaa katika idara hiyo hadi mwaka 1944. Kisha alihamia Idara ya Wanyama na kufika bara, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya Mkuu wa Jimbo, na toka mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya Upimaji hapo hapo Tanga. Ukijumlisha utaona ni miaka 34 ya kuandika barua za watu wengine, kunakili hesabu na kungoja mwisho wa mwezi.

Naomba wasomaji wasiipite haraka habari hii ya ukarani. Karani wa Kiafrika wakati ule aliona mengi na hakuruhusiwa kusema lolote. Majalada ya serikali yalipita mikononi mwake. Alijua nani ameshitakiwa na nani amekataliwa ombi lake, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa na mshahara. Mtu wa namna hiyo, akiwa na la kusema, hana budi kutafuta njia ya kuzunguka.

Njia hiyo ndiyo Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Nchi yenyewe inaelea angani, haimo katika ramani yoyote, na kwa hiyo hapakuwa na ofisa wa kusema kwamba ametukanwa. Lakini tazama kinachotendeka humo. Karama anasimamishwa kizimbani kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Badala ya kujitetea kwa hasira, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na kheri, na kila mmoja alilipwa kifungo. Mwalimu akikifundisha kitabu hiki bila kutaja mwaka 1951, wala Tanganyika ya wakati ule, wala karani aliyekaa kwenye meza ya serikali huku akiwaza habari za mahakama isiyo na haki, atakuwa amewapa wanafunzi ganda na kula kiini peke yake.

Jambo la pili ninalopenda lijulikane ni kwamba mtu huyu tunayemsoma alikuwa yeye mwenyewe msomaji hodari wa watu wengine. Mwaka 1952 alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili, tafsiri ya beti za mshairi wa Uajemi aliyekufa karne nyingi zilizopita. Hakujua Kiajemi, alipitia Kiingereza cha FitzGerald, na bado akazipa beti zile mwendo wa Kiswahili. Karani wa Tanga alikuwa akizungumza na mnajimu wa Nishapur, na hakumwomba mtu ruhusa.

Halafu kuna Wasifu wa Siti Binti Saad wa mwaka 1958. Siti alikuwa binti wa Fumba, Unguja, aliyetoka katika umaskini na kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarab ambaye sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Alifariki mwaka 1950. Wapo waliomdharau kwa asili yake na kwa sura yake. Shaaban Robert aliona kwamba maisha ya mwanamke huyu yanastahili kitabu kizima, wakati ambapo wasifu wa Kiswahili juu ya mwanamke ulikuwa kitu adimu sana. Kwangu mimi hicho ndicho kitabu cha kumfundishia kijana namna ya kumchambua msanii. Mwandishi anaanza na kuzaliwa kwake na kazi ya mikono yake, anaifikia sanaa, na maneno ya watu hayaachi nyuma. Tunachotakiwa kumfanyia Shaaban Robert, yeye alikwisha kumfanyia Siti.

Tena walimu wenzangu nawakumbusha Kufikirika. Humo mwalimu wa mwana wa mfalme anataka michezo iwe sehemu ya masomo, naye anatolewa kazini kwa ajili hiyo. Mtu aliyesoma miaka michache tu aliwaza juu ya malezi ya mtoto mzima, akili na mwili, kuliko wengi waliolipwa kuwaza hayo.

Hata hivyo sitaki mtu adhani ninamfanya malaika. Aliitumikia serikali ya kikoloni maisha yake karibu yote, akapokea nishani ya MBE. Katika Utenzi wa Vita vya Uhuru alisimulia vita vya mwaka 1939 hadi 1945 akiwa upande wa Waingereza na wenzao. Ni mtu yule yule aliyeandika Kusadikika. Wengine hili huwakwaza. Mimi naona kwamba ndivyo walivyoishi baba zetu wengi: mkono mmoja ukipokea mshahara, mwingine ukiandika yaliyomo moyoni. Wataalamu nao hawakumwacha bila kumpima. Euphrase Kezilahabi, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi mkubwa, aliandika tasnifu juu ya riwaya zake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976. Wahakiki wa miaka ile walilalamika kwamba wahusika wake ni wema mno au wabaya mno, na kwamba majina yao yanatoa siri yao kabla hawajatenda kitu. Lalamiko hilo lina haki yake. Lakini wahusika hao ni ndugu wa wahusika wa ngano na tenzi, na anayewapima kwa kipimo cha riwaya za Ulaya peke yake anapima mahindi kwa futi.

Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962, mwenye umri wa miaka 53. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi sita tu iliyopita, na alikuwa ameacha kazi ya serikali kwa muda mfupi mno kuweza kuyafaidi mapumziko. Kilichonisikitisha siku zote ni hiki: Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitolewa mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Mwenyewe hakuvishika mkononi vikiwa vitabu. Karatasi zile zingalipotea, mchwa wangalikula nusu ya fasihi yetu. Hata barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, toka mwaka 1931 hadi 1958, zilitunzwa na jamaa, na ndiyo maana Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliweza kuzitoa kitabu mwaka 2002. Katika barua hizo tunamwona mtu wa nyumbani, mwenye ndugu na shida za kawaida, na kitabu mezani kinamngoja.

Basi, ndugu zangu, tukutanapo tunakula pilau, tunacheka majina ya utani ya zamani, na ni vizuri. Lakini tujiulize maktaba ya shule yetu ina vitabu vingapi vya mtu huyu, mbali na kile kilichowekwa katika mtihani. Napendekeza kila mmoja wetu, kwa mkutano ujao, alete kitabu kimoja cha Shaaban Robert ambacho hakimo katika orodha ya mitihani: wasifu wa Siti, zile barua, Maisha Yangu, au diwani yoyote. Viwekwe rafu moja, vijana wavisome bila kuogopa maswali. Na yeyote mwenye babu au shangazi aliyeacha daftari la mashairi sandukuni, alifungue kabla ya mchwa. Huenda na humo yumo karani mwingine aliyekuwa na la kusema.