CARL NIELSEN: Mpuliza tarumbeta wa kikosini aliyekufa bila kujirekodi

Leo siasa naziweka pembeni kidogo, mtanivumilia.

Juzi nilikuwa kafe nimelipia saa moja, barua pepe zangu zikaisha ndani ya dakika kumi. Sikutaka hela yangu ipotee, nikavaa zile hedifoni zinazosikika upande mmoja na kuanza kuzurura YouTube. Nikaangukia muziki wa okestra ya kizungu, kitu ambacho siku zote huwa nakipita. Ngoma ndogo, ile ya gwaride, ilikuwa inapigwa kama na mtu aliyeamua kuwaharibia wenzake. Okestra nzima inakwenda huku, yeye anakwenda kule. Nikajua kompyuta imekorofisha. Kumbe wapi! Ndivyo mtunzi alivyotaka: mpiga ngoma ashike mwendo wake mwenyewe, ajaribu kwa nguvu zote kuizuia okestra isiendelee. Hiyo ni Simfoni ya 5 ya Carl Nielsen, mtu wa Denmark, na waliokuwa wanapiga ni Okestra ya Redio ya Denmark mwaka 1954, mwongozaji Thomas Jensen. Muda wangu ukakatika kabla muziki haujaisha. Kesho yake nikarudi na hela ya saa mbili.

Nilipoanza kumsoma huyu mzee kuna jambo likaninyima usingizi. Nielsen alifariki 1931. Wakati huo gramafoni zilishajaa madukani na redio ipo. Aliongoza simfoni zake mwenyewe mara nyingi tu. Lakini hakurekodi kazi yake hata moja. Sasa ule mwendo, zile nguvu ninazozisikia kwenye sahani ya 1954, ni za nani?

Swali hili kwangu si la kujifurahisha. Baba yangu mdogo alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi miaka mingi, na kanda zao zote zilifutwa zikarekodiwa vitu vingine juu yake. Amebaki jamaa mmoja aliyefundishwa naye. Ukitaka kujua baba mdogo alipulizaje, unamsikiliza huyo. Basi turudi Denmark.

Nielsen alizaliwa Juni 9, 1865 kijiji cha Nørre Lyndelse, kisiwa cha Fyn, karibu na mji wa Odense. Ni mtoto wa 7 kati ya 12. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na kukiwa na harusi au sherehe kijijini alibeba fidla na korneti yake akaenda kutumbuiza. Mama alikuwa muimbaji wa nyumbani tu. Carl alipofika miaka 6 hivi akaugua surua, akapewa fidla ndogo pale pale kitandani ili apoze machungu, akaanza kuzitafuta nyimbo alizozoea kumsikia mama akiimba. Alikuwa pia anagonga magogo ya kuni yaliyopangwa nje, akagundua kila gogo lina sauti yake.

Shule ilipoisha, miaka 14, wazazi wakampeleka kwa mwenye duka akajifunze biashara. Miezi michache tu mwenye duka akafilisika! Kijana akarudi nyumbani. Mimi nimemaliza sekondari na kukaa kijiweni nasubiri nafasi itangazwe, kwa hiyo hapa nilimwelewa kabisa. Nafasi yake ilitokea jeshini: bendi ya kikosi cha 16 pale Odense ilikuwa inatafuta mpulizaji. Akajifua haraka haraka, akaingia Novemba 1, 1879, tarumbeta na tromboni. Mshahara ulikuwa krona 3 na øre 45 pamoja na mkate mmoja kila baada ya siku tano, na alikaa hivyo miaka miwili na nusu ndipo wakamwongezea kidogo. Kwa nyongeza hiyo akanunua nguo za kiraia ili aweze kwenda kupiga kwenye madansi ya vijijini.

Fidla hakuiacha. Mwaka 1883 akaenda Copenhagen kujionesha kwa Niels Gade, mkubwa wa chuo cha muziki, na kuanzia 1884 akawa mwanafunzi pale hadi 1886. Mwaka 1889 akapata ajira Okestra ya Kifalme kwenye fidla za pili. Kwa wasiojua, fidla za pili ni wale wanaopiga sauti ya kusindikiza, wimbo wenyewe wanaupiga fidla za kwanza. Alikaa kwenye kile kiti mpaka 1905.

Halafu kuna usiku wa Machi 14, 1894. Okestra hiyo hiyo ilipiga Simfoni yake ya 1, mwongozaji akiwa Johan Svendsen wa Norway. Mtunzi mwenyewe alikuwa humo humo ndani na fidla yake, amekaa na wenzake anapiga sauti ya pili ya muziki wake mwenyewe! Makofi yalipopigwa ilibidi ainuke katikati ya wapigaji ndipo watu wakamwona ni nani. Nimejaribu kufikiria sura za wenzake wa benchi moja.

Simfoni ziko sita. Ya 2 ni ya 1902, wazo lake alilipata kwenye picha iliyotundikwa ukutani kwenye baa ya kijijini, picha ya tabia nne za binadamu. Ya 3 ilitoka 1912 na ndiyo iliyomtoa nje ya nchi, maana mwaka huo huo aliiongoza Amsterdam. Ya 4 ni ya Februari 1916, Ulaya yote inaungua vitani; mwishoni kuna wapiga madramu makubwa wawili, mmoja huku mmoja kule, wanarushiana kama mizinga. Ya 5, ile ya ngoma mkorofi, ni ya Januari 1922. Ilipopigwa Stockholm mwaka 1924 karibu robo ya watu ukumbini walikimbilia mlangoni. Ya 6 ikafuata 1925 na kwa kweli mimi bado sijaielewa.

Nyumbani hakukuwa shwari. Mke wake Anne Marie alikuwa mchongaji wa sanamu, tena mkali, hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya mume. Walikutana Paris 1891 na mwaka huo huo wakafunga ndoa Florence. Mzee hakuwa mwaminifu, mama akachoka, wakaishi mbali mbali kwa miaka kadhaa hadi walipopatana 1922. Naliandika hili kwa sababu kuna watu wakisimulia habari za wakubwa wanawafanya malaika.

Moyo nao ukaanza kumsumbua. Oktoba 1, 1931 alilazwa hospitali Copenhagen, na usiku wa kuamkia Oktoba 3, dakika kumi baada ya saa sita, akafariki. Miaka 66. Nyumbani kwao alikuwa mkubwa sana (baadaye, kuanzia 1999, hata noti ya krona 100 ilibeba sura yake), ila nje ya nchi za Skandinavia wachache walimjua.

Sasa ndiyo wanaingia watu wangu watatu. Hawa ni waongozaji wa okestra. Kizungu wanaitwa makondakta, lakini msiwachanganye na makonda wa daladala, hawa hawadai nauli, kazi yao ni kuamua mwendo. Launy Grøndahl, Erik Tuxen na Thomas Jensen, wote walikuwa wadogo kwa Nielsen na wote walifanya naye kazi. Grøndahl alikuwa mtunzi pia, na wapiga tromboni duniani wanamjua kwa tamasha alilowatungia 1924. Tuxen alizaliwa Ujerumani kwa wazazi wa Denmark, na miaka ya 1930 alikuwa na bendi ya jazi pale Copenhagen, yaani mtu wa dansi kabisa. Jensen, aliyezaliwa 1898, alikuwa mpiga selo, ile fidla kubwa ya kushikwa katikati ya magoti. Alipiga chini ya fimbo ya Nielsen, na sifa yake kubwa ni kuikumbuka ile mienendo ya mzee barabara.

Vita kuu ya pili ilipoisha hawa watatu wakaanza kuziingiza simfoni kwenye sahani, wote na Okestra ya Redio. Tuxen alirekodi ya 3 mwaka 1946 na ya 5 mwaka 1950. Grøndahl akarekodi ya 4 mwaka 1951. Jensen akarekodi ya 1 na ya 6 mwaka 1952. Kumbukeni sahani za zamani zile upande mmoja unabeba kama dakika nne tu, kwa hiyo simfoni ya nusu saa unaikatakata vipande, unageuza, unabadilisha, unageuza tena. Sahani ya Jensen ya 1954 ndiyo ya kwanza kuiweka ya 5 kwenye santuri ndefu, mtu akaweza kukaa chini akasikiliza. Kabla ya hapo, 1950, Tuxen alikuwa ameipeleka ya 5 kwenye tamasha la Edinburgh na Waingereza wakashtuka, kumbe kitu hiki kilikuwepo miaka yote hii!

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi tamu, ila kuna doa. Mwaka huo huo wa 1950 nota za Simfoni ya 5 zilichapishwa upya zikiwa zimerekebishwa na Tuxen pamoja na Emil Telmányi, mkwe wa marehemu. Walirekebisha wakiamini wanamsaidia. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Denmark walipozichapa upya kazi zote za Nielsen, shughuli iliyokamilika 2009, wakaonesha kwamba nota zilizotumika kwenye zile sahani za zamani mara nyingi zilitofautiana na alichokusudia mwenyewe. Kwa hiyo wale waliomkumbuka vizuri ndio hao hao waliomgusagusa. Mimi sijui nimkasirikie nani. Nota za wataalamu ziko sahihi zaidi, nakubali, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa mbele ya huyo mzee akamwona mkono unashuka.

Wengine walifuata. Leonard Bernstein wa Marekani alirekodi ya 5 New York mwaka 1962, na 1965, miaka 100 tangu Nielsen azaliwe, akaenda Copenhagen kurekodi ya 3 na ile ile Okestra ya Kifalme, yenye viti vile vya fidla za pili. Jensen alikuwa ameshafariki 1963. Ole Schmidt, naye wa Denmark, akawa wa kwanza kurekodi zote sita, kwa okestra ya London, miaka ya 1970. Sauti zao ni safi, hazina ule mkwaruzo, na kama hedifoni zako ni nzuri anza na hao.

Mimi nimerudi kwa Jensen mara nne. Nampendea pale ngoma inapoingia: haharakishi. Anamwacha yule mkorofi apige, okestra inazidi kupanda polepole juu yake mpaka inamfunika, na ngoma inabaki inasikika kwa mbali kama gwaride lililokata kona. Simfoni nzima ni dakika 35 hivi. Msilipie nusu saa mkadhani inatosha.