E-Sir: Nyota aliyezimikia njiani kutoka Nakuru, nyimbo zake zikabaki

MNAMO Jumapili, Machi 16, 2003, ajali ya barabarani ilikatiza maisha ya kijana mmoja aliyekuwa akirejea Nairobi kutoka Nakuru, alikokwenda kutumbuiza. Jina lake lilikuwa Issah Mmari Wangui. Alikuwa na umri wa miaka 21, na ilisalia miezi miwili tu atimize miaka 22.

Wakenya wengi hawakumjua kwa jina hilo alilopewa na wazazi. Walimjua kama E-Sir, jina la jukwaani linalokaribiana kimatamshi na Issah, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa limetanda redioni, ndani ya matatu na katika kumbi za burudani kote nchini.

Zaidi ya miongo miwili imepita na jina hilo halijafifia. Marehemu aliacha albamu moja pekee, Nimefika, iliyorekodiwa na studio ya Ogopa Deejays. Katika tasnia ambamo kibao huvuma kwa miezi michache kisha kikasahaulika, Boomba Train, Hamunitishi, Leo ni Leo na Moss Moss zingali zinachezwa harusini na katika vipindi vya redio vya nyimbo za zamani. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipofariki wanaziimba pamoja na wazazi wao.

Wapo wanaodai kwamba ni kifo cha mapema kilichomtukuza. Dai hilo lina ukweli kiasi, kwa kuwa mauti humwondolea msanii nafasi ya kuchuja mbele ya mashabiki wake. Hata hivyo, halitoshi kueleza mambo. Wasanii wengi wamefariki wangali wabichi na nyimbo zao zikazikwa pamoja nao. Siri ya E-Sir inapatikana katika namna alivyokitumia Kiswahili, na katika wakati alioibuka.

Issah alizaliwa Mei 20, 1981, na kulelewa katika mtaa wa South C, kusini mwa jiji la Nairobi, katika familia ya Kiislamu. Utoto wake uliangukia kipindi ambacho redio nchini ilikuwa sauti moja tu, ile ya serikali. Ni hadi mwaka wa 1996, alipokuwa na umri wa miaka 15, ambapo kituo cha Capital FM kilianza kupeperusha matangazo yake na kufungua mlango kwa vituo vingine vya kibinafsi.

Vituo hivyo vipya vilihitaji muziki wa kuwavutia vijana, na muziki uliokuwepo kwa wingi ulitoka Marekani. Hicho ndicho kizazi kilicholelewa na hip-hop ya enzi ambayo wapenzi wake huiita ya dhahabu, yaani kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, wakati wa Rakim, Public Enemy na Nas. Vijana wa Nairobi walizikariri nyimbo hizo kutoka kwenye kaseti, na wengi waliojaribu kughani walianza kwa kuiga lafudhi ya New York.

Si wote waliobaki katika kuiga. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilitoa Tafsiri Hii na kudhihirisha kwamba Kiswahili cha mitaani kinaweza kubeba uzito wa hip-hop. Hardstone na Poxi Presha walikuwa wamefanya majaribio yao kwa lugha za nyumbani kwao. Mwaka wa 2002, Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, ambao uligeuka kuwa wimbo wa kampeni za muungano wa Narc.

E-Sir aliingia ulingoni njia ikiwa tayari imefyekwa, lakini hakuipita kama walivyoipita waliomtangulia. Katika studio ya Ogopa, mapigo ya ngoma yalikuwa mazito na mepesi kuchezwa, mtindo ambao baadaye ulijulikana kama kapuka. Wafuasi wa hip-hop yenye ujumbe mkali waliubeza, wakiuona kuwa muziki wa starehe usiokuwa na kina. Hoja yao haikukosa msingi, kwa maana nyimbo nyingi za kapuka zilizungumzia karamu na mapenzi tu.

Nyimbo za E-Sir pia zilizungumzia karamu na mapenzi. Tofauti ilikuwa katika ufundi. Alikuwa na uwezo wa kupanga silabi nyingi katika pumzi moja bila kumeza hata moja, na msikilizaji akafuata kila neno. Vina vyake havikuangukia mwishoni mwa mstari pekee, bali pia katikati, jambo ambalo mpenzi wa ushairi wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa kuwa ndivyo shairi la mizani na vina vya kati linavyojengwa.

Ufanano huo na ushairi wa jadi hauishii kwenye vina. Hamunitishi, kama jina lake linavyodokeza, ni wimbo wa majigambo: msanii anajitokeza mbele ya wapinzani na kuwaarifu kwamba hababaishwi nao. Hip-hop ya Marekani ina desturi hiyo, lakini pwani ya Kenya iliijua muda mrefu kabla. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, alijibizana na washairi wa miji jirani kwa tungo za kujigamba na kukejeli. Mkenya aliyezoea malumbano ya malenga hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuusikiliza wimbo huo.

Moss Moss ni wa namna nyingine kabisa. Jina hilo ni la Sheng, maana yake polepole, na wimbo wenyewe, alioimba pamoja na mwimbaji Brenda, unakwenda kwa mwendo huo huo wa kubembeleza. Boomba Train, alioshirikiana na Nameless, ni mwaliko wa kila mtu kujiunga na sherehe. Kwamba kijana mmoja aliweza kutamba, kubembeleza na kuchangamsha umati, na kote huko akabaki yeye yule, ni jambo ambalo wasanii wengi huhitaji albamu kadhaa kulifikia.

Alichanganya Sheng na maneno machache ya Kiingereza, kama walivyofanya wenzake. Hata hivyo, uti wa mgongo wa nyimbo zake ulikuwa Kiswahili cha kueleweka, ambacho mchuuzi wa Mombasa, mwanafunzi wa Kisumu na utingo wa Eldoret wangekifuata bila mkalimani. Sheng hubadilika haraka. Neno linalopendwa mwaka huu huonekana la kizamani miaka mitano baadaye, na wimbo uliojengwa juu yake huzeeka nalo. Nyimbo za E-Sir ziliepuka hatima hiyo kwa sababu zimesimama juu ya lugha isiyopitwa na wakati upesi.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee katika mji wa Nakuru, alikotumbuiza kwa mara ya mwisho. Nakuru ni mji uliozaliwa na reli, iliyofika hapo mwaka wa 1900, na ukapata hadhi ya mji mdogo mwaka wa 1904. Tangu hapo umewapokea Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana na jamii nyingine zilizofuata kazi za reli, mashamba na viwanda. Sokoni na katika kituo cha magari, lugha iliyowaunganisha watu hao tangu mwanzo ni Kiswahili.

Aidha, ni mji ulioonja uchungu wa mgawanyiko. Mapigano ya kikabila yalizuka katika maeneo ya Molo na Njoro mwaka wa 1992, na mengine yakafuatia uchaguzi wa 1997. Vijana waliomshangilia E-Sir mwanzoni mwa mwaka wa 2003 walikuwa wamekua wakiyaona hayo. Walikusanyika katika wakati wa matumaini, kwani Rais Mwai Kibaki alikuwa ameapishwa Desemba 30, 2002, na utawala wa miaka 24 wa Rais Daniel arap Moi, ambaye makao yake ya Kabarak yako karibu na mji huo, ulikuwa umekamilika.

Nyimbo za E-Sir hazikutaja siasa hizo. Hazikuwa na kabila, na msikilizaji hakuweza kubashiri kutokana na lafudhi ya msanii kwamba wake ni wa upande gani. Huenda yeye mwenyewe hakulikusudia hilo, ila katika Bonde la Ufa muziki wa aina hiyo haukuwa jambo dogo. Miaka mitano baadaye, Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilishuhudia umwagaji wa damu baada ya uchaguzi uliozozaniwa. Muziki haukuweza kuuzuia, wala hakuna aliyetarajia uweze. Lakini amani iliporejea, vibao hivyo vilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo vijana wa jamii zote wangeweza kuvidai kuwa vyao bila kubishana.

Barabara aliyofia msanii huyo nayo ina historia yake. Nakuru na Nairobi zimetenganishwa na takriban kilomita 160, na barabara kuu hupitia Gilgil na Naivasha kabla ya kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa. Ndiyo njia ya malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Magari madogo hushindana na malori hayo kwa nafasi, mara nyingi gizani.

Katika gari alilosafiria E-Sir alikuwemo pia Nameless, rafiki na mshirika wake, ambaye alinusurika. Nameless, jina lake halisi David Mathenge, ameendelea na muziki hadi kuwa miongoni mwa wakongwe wa tasnia, na kwa miaka mingi amekuwa mmoja wa wanaolihifadhi jina la mwenzake kwa mashabiki wapya. E-Sir alizikwa kwa taratibu za dini yake ya Kiislamu.

Msiba huo ulitokea mwaka ambao taifa lilikuwa limeanza kuchoshwa na vifo vya barabarani. Mnamo Februari 2004, serikali ilianza kutekeleza kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizolazimisha matatu kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Kanuni hizo hazikutungwa kwa sababu ya msanii mmoja, na ziliyalenga magari ya abiria. Hazikugusa maisha ya wanamuziki, ambao hadi leo hutumbuiza usiku mjini Nakuru, Eldoret au Kisumu kisha wakaingia barabarani wakiwa wamechoka ili wawahi shughuli ya kesho yake.

Ni kawaida kumlinganisha E-Sir na Tupac Shakur na Notorious B.I.G., nyota wa Marekani waliouawa mwaka wa 1996 na 1997 wakiwa na umri wa miaka 25 na 24. Ulinganisho huo unafaa kwa upande wa umri, lakini unapotosha kwa upande mwingine. Wamarekani hao waliuawa kwa risasi katika kipindi cha uhasama mkubwa baina ya makundi ya wanamuziki. Kijana wa South C alikufa akitoka kazini, kwa njia ambayo imewaua maelfu ya Wakenya wasiojulikana, na majigambo yake hayakuwahi kuvuka mipaka ya wimbo.

Waliokuwa naye Ogopa waliendelea kuijenga enzi aliyosaidia kuifungua. Nameless, Wahu, Redsan, Amani, Deux Vultures, Kleptomaniax na Longombas walitamba Afrika Mashariki katika miaka iliyofuata. Nao mtindo wa genge wa studio ya Calif, ulioongozwa na Nonini na Jua Cali, ulileta ushindani mkali. Wakenya walio na umri wa miaka 40 hivi sasa huikumbuka miaka hiyo kama enzi ya dhahabu ya muziki wao, na mara nyingi orodha yao huanza na E-Sir.

Bado kuna suala la urithi ambalo halipaswi kufunikwa na kumbukumbu tamu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilianza kutekelezwa Februari 2003, mwezi mmoja tu kabla ya kifo chake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, haki za mtunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Hii ina maana kwamba mashairi aliyoyatunga E-Sir yatasalia kuwa mali yenye wenyewe hadi mwisho wa mwaka wa 2053. Kila kituo, baa au matatu inayovuta wateja kwa sauti yake inatumia kazi ambayo mwenyewe hakuishi kuivuna.

Kwa vijana wa Nakuru wanaojifunza kughani leo, katika mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, maisha yake mafupi yana funzo la kikazi. Mapigo ya ngoma yamebadilika mara kadhaa tangu 2003, na maneno ya Sheng yamebadilika mara nyingi zaidi. Mistari ambayo bado inaimbwa ni ile iliyopangwa kwa uangalifu, ikatamkwa waziwazi, katika lugha ambayo jirani wa kabila lolote anaielewa. Anayetaka kuthibitisha hilo na aisikilize Nimefika kuanzia mwanzo hadi mwisho.