John Hutchinson, gavana mwenye alikatala kuuzisha ngome ya Nottingham

John Hutchinson alizaliwa mu mwezi wa tisa 1615 ku Nottingham, muji wa katikati ya Uingereza, wenye uko karibu na mto Trent. Jamaa yake ilikuwa na mashamba na jina. Baba yake, Sir Thomas Hutchinson, alikuwa mubunge wa jimbo la Nottinghamshire. Mama yake, Margaret, alitoka mu jamaa ya Byron, moja ya jamaa kubwa za jimbo lile. Kisha vita ikakuja, na akina Byron wakawa upande mwingine. Vita ya wenyewe kwa wenyewe njo iko vile: haitafuti adui mbali.

Alisoma ku Cambridge, kisha akaenda London kujifunza sheria. Wakati ule njo alijuana na Lucy Apsley, binti ya mukubwa mwenye alikuwa anasimamia Tower, ngome na gereza ya mufalme. Walioana mu mwaka wa 1638. Mu 1641 walihamia Owthorpe, kijiji kidogo cha akina Hutchinson mu Nottinghamshire, kulea watoto wao.

Wakati ule mufalme Charles wa Kwanza alikuwa anagombana na Bunge juu ya kodi, juu ya mambo ya kanisa, na juu ya nani ataamuru jeshi. Mu 1642 kila upande ulianza kutafuta silaha mu majimbo. Lord Newark, mukubwa wa mufalme mu jimbo, alifika Nottingham kubeba baruti. Hutchinson alimufuata mupaka mule mu nyumba na kumwambia ile baruti ni ya wanainchi wa jimbo, na hawawezi kubakia mikono mitupu wakati njia zinajaa watu wenye silaha. Inje, watu wa muji walikuwa wamekusanyika kwa hasira. Lord Newark akaacha baruti, akaenda zake. Lakini tarehe 22 mwezi wa nane, mufalme mwenyewe alisimamisha bendera yake ya vita palepale Nottingham, na vita ikaanza.

Mufalme alipoondoka, jimbo liligawanyika. Wakubwa wengi walikuwa naye. Waaskari wake walijipanga ku Newark, muji wenye uko karibu kilometre 30 kutoka Nottingham, kandokando ya mto uleule. Bunge lilibakia na Nottingham. Mulimaji wa katikati alikuwa na shida mara mbili: huyu anakuja kulipisha kodi, yule naye anakuja kuomba feza, farasi na chakula.

Tarehe 29 mwezi wa sita 1643 Hutchinson alipewa kusimamia ngome ya Nottingham. Alikuwa na miaka 27. Ngome ilikuwa juu ya jiwe kubwa, lakini kuta zake zilikuwa zimeharibika, na waaskari hawakuwa wengi. Siku hizohizo jeshi la mufalme lilikuwa limeshinda mu kaskazini. Hutchinson aliona hawezi kulinda muji wote. Akaamua kutoa mizinga mu muji na kuipandisha ku ngome. Watu wa muji walikasirika sana: waliona gavana anajilinda yeye mwenyewe na kuwaacha wao na nyumba zao. Aliwaomba wapande pamoja naye, lakini wenye walikubali walikuwa wachache.

Mu mwezi wa tisa, usiku, waaskari wa Newark waliingia mu muji. Kiongozi wao alikuwa Sir Richard Byron, mutoto wa muyomba yake Hutchinson. Mukubwa mmoja wa muji, mwenye alikuwa na zamu ya ulinzi usiku ule, njo aliwafungulia njia. Mu ngome kulikuwa karibu watu 80 tu, kwa sababu waaskari wengi walikuwa wanalala mu nyumba zao, na walikamatwa ku kitanda. Kwa siku tano wale wa Byron walipora maduka na nyumba, na walipanda juu ya kanisa la Mtakatifu Nicholas kupiga risasi ndani ya ngome. Ngome haikuanguka. Siku ya tano waaskari wa Bunge walifika kutoka Leicester na Derby, na watu wa Newark wakakimbia, wakibeba vitu na wafungwa. Kisha, Hutchinson aliamuru ile kanisa ibomolewe, juu adui asiitumie tena. Kwa wale wenye walikuwa wanasali mule, ile ilikuwa bei ingine ya vita.

Mu siku zile Lucy njo alikuwa anafunga vidonda vya waaskari. Wafungwa watatu wa upande wa mufalme walipoletwa wakitoka damu, aliwafunga nao pia. Kapiteni mmoja alimukaripia mbele ya watu. Lucy hakuacha.

Bunduki iliposhindwa, feza ilijaribu. Earl wa Newcastle, mukubwa wa jeshi la mufalme mu kaskazini, alituma watu kumwahidi Hutchinson paundi 10,000 na cheo cha ulord kama atatoa ngome. Ilikuwa mali ya kutosha kutajirisha jamaa yote. Mashamba yake mwenyewe yalikuwa hayaingizi kitu, na waaskari wake walikuwa wanangojea mushahara. Alikatala.

Lakini maumivu makubwa yalitoka ndani. Jimbo lilikuwa na komite ya Bunge yenye ilikuwa inakusanya kodi na kulipa waaskari. Ndani yake kulikuwa watu wa mashamba na watu wa muji, na wengi hawakupenda gavana aamuru kila kitu. Gilbert Millington, mubunge wa Nottingham, alikuwa rafiki yake ku mwanzo, kisha akageuka mupinzani. Dini nayo iliingia mu ugomvi. Wapiga mizinga wa ngome walifungwa kwa sababu hawakutaka kusali mu kanisa la kila mutu. Hutchinson aliwahitaji, na aliwalinda. Mashitaki yalifika mupaka London. Mu 1645, wakati alikuwa kule kujitetea mbele ya wakubwa wa vita, waaskari wa Newark walikamata ngome ndogo ya daraja la Trent. Watu wa upande mmoja walikuwa wanagombana juu ya madaraka, adui akapita ku mulango.

Mu mwezi wa kumi na moja 1645 alikuwa kati ya wale wenye walishambulia Shelford, nyumba yenye ilikuwa ya waaskari wa mufalme. Wengi wa wale walikuwa ndani waliuawa. Walikuwa watu wa jimbo moja. Mwaka wenye ulifuata mufalme alijitoa mikononi mwa jeshi la Scotland, Newark ikafungua milango, na Hutchinson akachaguliwa mubunge mu nafasi ya baba yake, mwenye alikuwa amekufa. Shemeji yake, Sir Allen Apsley, mwenye alipigania mufalme mupaka mwisho, alikuja kujificha kwake. Alimupokea.

Mu mwezi wa kwanza 1649 Hutchinson alikuwa mmoja wa watu 59 wenye walitia sahihi juu mufalme auawe. Lakini alipoona Oliver Cromwell anakusanya nguvu mukononi mwake, aliogopa. Mu 1651 alisaidia kupata amri ya kubomoa ngome ya Nottingham, ile yenye alilinda kwa miaka mingi, juu mutu asiitumie tena kukamata inchi. Bibi yake aliandika kwamba Cromwell hakufurahi.

Mu 1660 mufalme Charles wa Pili alirudi, na wengine kati ya wale 59 walinyongwa. Lucy aliandika barua ya kuomba huruma kwa jina la bwana yake, na yule shemeji Apsley akamusemea. Hutchinson alipona, lakini alisikia haya kuishi wakati wenzake wanakufa. Mu 1663 alikamatwa, akashukiwa kuwa mu mupango wa uasi. Hakuhukumiwa. Alifungwa Newark, kisha Tower, mule mwenye baba ya bibi yake alikuwa mukubwa, na mwishoni Sandown, ngome ya baridi ku bahari. Kule njo alikufa na homa, tarehe 11 mwezi wa tisa 1664. Alizikwa Owthorpe.

Lucy aliandika maisha ya bwana yake juu ya watoto wao. Kitabu chake kilichapishwa mu 1806, na mambo mengi yenye inajulikana juu ya vita mu Nottinghamshire inatoka mule. Wapinzani wa ile komite hawakuacha kitabu kama kile, kwa hiyo musomaji anasikia zaidi upande wa nyumba moja.

Na ile kilima cha ngome? Newcastle, yule mwenye alitaka kuinunua kwa paundi 10,000, aliipata kisha vita. Mu 1674 alianza kujenga nyumba kubwa palepale. Leo ni muzeo.